Tumbaku Kwenye Mashimo

Tangu Afisa Beukes alipomwomba ampeleke kwenye kilima cha mawe meupe, Mama Drieka alikuwa roho juu. Yeye ndiye anayechunga mbuzi huko, kwa hiyo hakuwa na pa kukwepea. Njia nzima aliomba jambo moja tu: wezi wawe watu wa kuja, wa mjini, wenye magari yao. Maana kijana wake Gerrit alikuwa na buti mpya, na wiki nzima hakumtazama mama yake usoni.

Walipofika, moyo ulimlipuka. Vile vijimea vinene, vidogo kama ncha ya kidole, ambavyo kote Namakwa havioti ila hapo, vilikuwa vimeng'olewa upande mzima wa kilima. Ng'ambo kuna watu wanaolipa pesa nyingi ili wavipange dirishani, laana iwashukie. Upande wa pili tu ndio uliosalimika.

Beukes alichuchumaa, akachokoa shimo moja, kisha jingine.

"Mama, hiki nini? Kila shimo limewekewa."

Drieka aliinama kutazama. Ilikuwa tumbaku, kidogo kidogo, imeshindiliwa kwa kidole gumba. Nyumbani kwake hakuna anayechimba hata mzizi wa dawa bila kuiachia ardhi kitu cha shukrani. Gerrit alifundishwa hivyo kabla hajajua kuvaa suruali mwenyewe. Mpumbavu yule, ameiba kwa adabu.

"Mavi ya sungura," alisema.

Beukes alinusa. "Sungura wenu huku wanavuta sigara, mama?"

Afisa akajipangusa magoti, akasema basi, hana mtu wa kumkamata. Mnunuzi atavitaka vilivyobaki, na yeye hawezi kuhamia kilimani kuvilinda. Akaanza kushuka.

Drieka alibaki amesimama kati ya mashimo. Akilini alimwona Gerrit mikono ikiwa na pingu. Kisha akautazama ule upande uliosalia. Gerrit angerudi tu, na tumbaku yake mfukoni, avishukuru kimoja kimoja mpaka viishe.

"Beukes, mwanangu, ngoja." Sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Ni tumbaku. Imetoka kwenye kopo langu. Gerrit yuko nyumbani, nimemwachia uji jikoni." Akaanza kumfuata chini. "Mwache kwanza amalize kula."