Fundi wa Vivuli Ahamia Dzaleka

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Gélase alivuta kamba ya jenereta. Ikakohoa, ikazima, akaitukana kwa Kirundi, akavuta tena, ikawaka. Watu waliokuwa wakisubiri nje ya ukumbi wake wa matofali mabichi wakaingia. Kina mama na watoto wakakaa kwenye mabenchi, vijana wakasimama nyuma. Faustin alikuwa ameshakalia debe lake pembeni mwa televisheni. Kazi yake ilikuwa kuwatafsiria watu filamu kwa Kiswahili papo hapo, wazungu wakiwa bado wanasema. Kiingereza hakukijua. Alijua Kifaransa, alijua kuimba, na alijua kwamba mwenye sauti nzuri haulizwi maswali mengi.

Mwaka huo wa 1996 kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilishikwa na tamthilia moja ya Kimarekani, iliyofika kwa kanda za video kutoka Lilongwe. Ilimhusu mwanamke mwenye nywele nyekundu aliyeshona vivuli. Mtu akichaniwa kivuli chake na mlango wa gari, au akikisahau hotelini, alimpelekea, naye akakishona kwa uzi mweusi huku bata bukini aliyevaa tai akimshikia mkasi. Hayo yalieleweka kwa macho. Maneno ndiyo yalikuwa ya Faustin, na kwa kuwa hakuwa hodari wa kutunga, aliyaokota palepale kambini: ugomvi wa bombani, maombi ya walokole, matusi ya Gélase. Watu walikufa kwa kicheko kusikia maisha yao yakitoka kinywani mwa mzungu. Walimpenda kwa hilo, na kupendwa kulimlevya.

Kanda ya sita ndiyo iliyoharibu mambo. Fundi wa vivuli alisimama kwenye kituo cha treni, koti mkononi, akasema kwa muda mrefu huku machozi yakimtoka. Faustin alikuwa ameishiwa. Siku chache kabla, jirani yake Mukarutesi, mjane wa Kinyarwanda, alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu, kwa sababu Faustin alikuwa katekista na katekista anajua kunyamaza. Basi katekista akafungua mdomo, na yakatoka hayohayo.

"Mama alishindwa kutembea. Nikamuacha pembeni ya njia, nikamufunika na kitenge yangu. Akanirudishia. Akasema, kamata, ni we njo utasikia baridi. Na mi nikakamata."

Bata bukini akapiga chafya kwenye skrini, ukumbi mzima ukacheka. Mukarutesi alikuwa kwenye benchi la tatu, amejifunga kitenge hicho, na hakuwa mtu wa kujua kuficha uso. Walioketi karibu naye wakamtazama, wakatazama kitenge, wakatazamana. Kufikia misa ya Jumapili habari ilikuwa imezunguka kambi. Bombani wanawake wakaanza kusogeza ndoo zao akifika. Hawakumtukana. Walimwacha tu ateke maji peke yake, na baada ya muda akawa anakuja jua likiwa kali, wakati wenzake wamelala.

Faustin aliona aibu, ile inayomfanya mtu apite nyuma ya nyumba za watu ili asikutane na mmoja. Alijua la kufanya: asimame mbele ya watu aseme kosa ni lake. Lakini akajishauri kwamba kuna njia laini zaidi. Tamthilia ikifika mwisho angemtia fundi maneno ya mtu aliyesamehewa, na kambi, iliyomwamini fundi kuliko padri, ingemsamehe Mukarutesi bila Faustin kutajwa. Katika kanda ya saba fundi alikuwa bado kituoni, anaanza kuzungusha shingo. Faustin akawahi kusema, "Kisha nikageuka," na skrini ikawa nyeusi.

Wiki iliyofuata yeye na Gélase wakaenda Lilongwe, mtaa wa Biwi, kwa fundi redio aliyewauzia kanda.

"Ile kipande ingine iko wapi?" Gélase aliuliza. "Bantu banangoja."

Fundi redio akasema hakuna tena. Wenye tamthilia wameikata, haina watazamaji. Faustin akamwambia Dzaleka nzima inaitazama. Fundi redio akajibu kwamba Dzaleka haihesabiwi. Kisha akawaonyesha benchi la nje, ambako fundi wa vivuli alikuwa ameketi, koti mapajani, bata bukini kando yake. Walifika asubuhi, kazi ikiwa imewaishia, na hawakuwa na pengine pa kwenda. Fundi redio aliwaomba wawachukue, wanamzibia mlango.

Wakapanda minibasi ya kwenda Dowa, njia ya kambini, na konda akamtoza bata nauli ya kuku. Ofisini kambini waliuliza kama mwanamke huyu amekimbia. Faustin akajibu kwamba kwao kumefungwa. Wakampa turubai, sufuria na mahali pa kujenga karibu na majengo ya jela ya zamani.

Ikaonekana upesi kwamba kinywa chake kilikuwa na Kiswahili cha Faustin tu, na masikio yake yalibaki na Kiingereza. Aliweza kusema yale aliyotiwa mdomoni, lakini akiambiwa jambo ilibidi Faustin amgeuzie kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kwa hiyo Faustin alishinda pale. Watu walileta vivuli vilivyochanika njiani kutoka kwao, vingine vikiwa na matope ya Kongo, naye akawashonea. Akishona alisema, na kati ya maneno yote aliyokuwa nayo, aliyoyapenda ni ya kanda ya sita. Mama alishindwa kutembea. Nikamuacha pembeni ya njia.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wanawake walilia. Walimletea maharage, kuni, unga wa nsima, ugali wa huko. Irankunda, aliyekuwa wa kwanza kusogeza ndoo yake bombani, alimtekea maji kila siku.

"Masikini," alisema Irankunda. "Kuacha mama mu njia haiko kitu mutu anataka. Ni vita njo ilimufanya vile."

Mtu asidhani kwamba walikuwa wamesahau walikoyasikia maneno yale. Hawakusahau. Ila kwa fundi yalikuwa msiba, na kwa Mukarutesi yalikuwa tabia.

Mukarutesi alikuja Jumatatu mchana, na unga kwenye bakuli, kivuli chake kikiwa kimechanika ukingoni. Wanawake wakampisha zaidi ya ilivyohitajika. Fundi alikuwa anasimulia. Alifika kwenye kitenge, akafika kwenye baridi, akasema, "Na mi nikakamata. Kisha nikageuka." Hapo akanyamaza kama kila siku, maana hakupewa zaidi.

"Pole, mama," wanawake wakasema.

Mukarutesi akaweka bakuli chini. "Haukugeuka," alisema. Hakupandisha sauti. "Alikuita na jina ya utoto, ukasikia, na haukugeuka. Kama ungegeuka haungefika huku."

"We hauna roho?" Irankunda akamrukia. "Unasema vile kwa mutu iko na matanga?"

Fundi akamgeukia Faustin, akangoja ageuziwe. Wanawake wote wakamtazama Faustin. Mukarutesi naye akamtazama, na hakukuwa na hasira machoni mwake, bali kusubiri tu. Ilitosha Faustin aseme maneno haya ni ya mama huyu, mimi ndiye niliyemwibia. Kwa Kiswahili angeweza. Kwa Kiingereza pia angejaribu.

Akamwambia fundi kwamba huyu anasema pole. Neno la Kiingereza la pole kila mtu Dzaleka alilijua, na Mukarutesi pia.

Fundi akamshika Mukarutesi mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akainama, akaokota ukingo wa kivuli chake, akaushona taratibu, bata akishika mkasi. Mukarutesi akasimama tuli mpaka uzi ukakatwa. Akaondoka kuelekea kwake na kivuli kizima. Irankunda akachukua lile bakuli, akaliweka mbali, ili unga wake usichanganyike na wa wengine.