Mlango wa Bwana Geresom

Vita vilipopita Mbale, askari waling'oa milango yote ya chuo wakaifanya kuni. Chuo kilipofunguliwa tena, Kulusumu, karani wa kupiga taipu, alishukuru kimoyomoyo. Kabla ya vita, naibu mkuu, Bwana Geresom, alikuwa akimwita ofisini, anafunga mlango, anamshika kiuno. Sasa ofisi ilikuwa wazi, na mikono ya bwana ilitulia.

Siku seremala Isabirye alipoleta milango mipya kutoka Jinja, kitumbua cha Kulusumu kikaingia mchanga. Kazi aliitaka, mikono ile hakuitaka. Kwenye kikao cha wafanyakazi, Bwana Geresom akasema, "Mlango wa kwanza uwe wangu. Nina kazi za siri."

Kulusumu akasimama. "Siri hizo, bwana, ni kiuno changu?"

Kisha Babirye wa jikoni akapaza sauti, "Hata changu!"

Janepher wa maktaba akadakia, "Na changu je? Mwanaume huyu hachagui!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Geresom akatazama viatu vyake.

Mkuu wa chuo, Mama Margret, hakucheka. "Bwana Geresom, nenda nyumbani mpaka kamati ikuite. Na wewe Isabirye, kila mlango wa ofisi utie kioo."

"Kikubwa kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha kumwona mtu mpaka mikono!"

Vigelegele vikasikika hadi mtaa wa Namakwekwe. Kulusumu akarudi kwenye mashine yake, akapiga taipu mpaka jioni huku akiimba.