Aliyetaka Uashi

Milembe alikuja kituoni kwetu Somanda mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na sita. Alitoka Mwamanyili. Baba yake alitangulia kufa, mama akafuata miezi saba baadaye, kwa ule ugonjwa ambao siku hizo tuliogopa kuutaja. Wadogo zake wawili walibaki kwa shangazi.

Kituo kilikuwa cha kanisa, na kilifundisha yatima ufundi: uashi, useremala na ushonaji. Mimi nilikuwa mwalimu wa uashi.

Siku ya kuandikisha, nilimkuta amesimama kwenye mstari wangu, katikati ya wavulana.

"Binti, cherehani ni kule," nikamwambia.

"Najua, mwalimu. Mimi nataka uashi. Baba alikuwa fundi, nilikuwa namshikia kamba."

Wavulana wakacheka. Nami nikacheka.

Sista Specioza, mkuu wa kituo, hakucheka. Aliinua kalamu akaniangalia. "Mwalimu Nyanda, ukikubali namwandika."

Ilikuwa juu yangu. Nikasema, "Sista, nani atampa mwanamke nyumba ajenge? Tutampotezea muda."

Milembe akahamia mstari wa ushonaji. Alisoma miaka miwili, akahitimu vizuri, akapewa cherehani.

Lakini mwaka huo marobota ya mitumba yalikuwa yamejaa sokoni Bariadi. Gauni la mtumba lilikuwa rahisi kuliko kitambaa chenyewe. Nilikuwa nikimwona barazani kwa Mpemba mmoja, akibadilisha zipu na kukunja pindo za suruali za watu. Halafu sikumwona tena. Nikadhani ameolewa.

Wavulana wangu, kinyume chake, walikuwa wakigombewa. Wanunuzi binafsi wa pamba walishaingia, kila mmoja anataka ghala lake, na wakulima waliopata msimu mzuri wanataka nyumba za bati.

Mwaka 1997 nilienda kukagua ghala lililokuwa likijengwa na Masalu, mwanafunzi wangu wa zamani. Mwanamke mmoja alipita mbele yangu na ndoo ya zege kichwani, miguu imepauka kwa saruji.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma.

Alikuwa Milembe. Cherehani aliiuza mdogo wake alipougua. Sasa alikuwa saidia fundi.

Alimwaga zege, akautazama ukuta kidogo, kisha akamwambia Masalu kwa sauti ya chini, "Kaka, kona hiyo imelala."

"Wewe leta zege," Masalu akamjibu.

Nikachukua timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta, nikaitundika pale konani. Ukuta ulikuwa umelala nje kwa upana wa kidole. Yeye alikuwa ameliona hilo kwa macho matupu, na ndoo mkononi. Masalu akainama, akaanza kubomoa mistari miwili ya juu ya matofali.

Wakati wa chakula nilimfuata Milembe alipokuwa amekaa kwenye rundo la kokoto.

"Rudi kituoni," nikamwambia. "Nitakufundisha mwenyewe. Nitaongea na Sista leo hii."

Alimaliza kutafuna kwanza. "Miaka miwili, mwalimu?"

"Miwili tu."

"Shangazi amefariki. Wadogo zangu ninao mimi, mmoja yuko darasa la sita. Nikija kukaa darasani, nani atawalisha?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Wakati ule ningeweza. Shangazi alikuwepo."

Neno la kuomba radhi lilinifika mdomoni. Badala yake nikasema, "Basi nitamwambia Masalu akupe kazi nyepesi."

"Sihitaji nyepesi," akasema, akainuka kuchota maji.

Ghala lilipokwisha alirudi Mwamanyili na wadogo zake. Nasikia analima pamba.

Mwaka uliofuata niliandikisha wasichana wanne katika uashi. Leo watatu kati yao ni mafundi, na mmoja, Malimi, ana vijana sita chini yake. Kwenye mahafali wageni hunitaja kama mwalimu aliyewafungulia mabinti mlango. Watu hupiga makofi, nami husimama na kuinamisha kichwa. Sijawahi kuwaambia kuhusu Milembe. Hadi Mwamanyili si mbali, ni safari ya saa chache kwa basi, na bado sijaenda.