Wanaogonga Chini ya Nyabikondo

Wewe unayesoma hapa ulishapita barabara ile ya Tarime. Uliuona mgongo wa kilima cha Nyabikondo upande wa kushoto, ukageukia dirisha la kulia. Tulikuona.

Julai hii baridi imekuja ya kukata masikio. Saa moja asubuhi Wegesa alikuwa tayari juu ya mgongo, nyundo ya mumewe Mseti kwapani, ugoro kaufunga kwenye pindo la kitenge. Nyuma yake akafika Projestus, mjiolojia wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, amevaa sweta tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mhaya, hii ni Julai tu. Usije ukatulilia."

Kampuni ya mgodi ilitaka kuulipua mgongo wote, na ripoti ya Projestus ndiyo iliyosubiriwa. Wegesa alitaka kitu kimoja tu kiandikwe ndani yake: kwamba chini kuna watu.

Projestus alipiga magoti, akabandua kipande cha jiwe, akakilamba ili aone punje zake. "Huu mwamba ulitoka kwenye volkano," alisema. "Una miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu."

"Kumbe ni mkubwa wetu sote. Mbona hujamwamkia?"

Akauamkia. Chini pakagongwa mara tatu.

Wegesa akajibu kwa nyundo, mara tatu. Ndiyo sheria ya wachimbaji wa huku: aliye shimoni akigonga, aliye juu hujibu, hata kama wa shimoni ndiye aliyekuibia ng'ombe. Miaka kumi na moja iliyopita katapila la kampuni lilifukia shimo, wanaume saba, Mseti mmoja wao, wakiwa ndani. Msimamizi aliambiwa wanagonga. Akasema hao ni wavamizi, fukia. Tangu siku hiyo watu hupanda kujibu kwa zamu. Machage, ambaye ukoo wake na wa Mseti wameibiana mifugo tangu enzi za babu zao, anashika Jumatano, na hajawahi kukosa.

Pakagongwa tena, mara nne.

"Nne ni nini?" Projestus aliuliza.

"Tumbaku. Miaka kumi na moja chini ya mawe, mwanaume huyu bado ananiomba ugoro." Alimimina kidogo kwenye ufa. Mwamba ukapiga chafya.

Projestus aliweka kipimo chake juu ya jiwe. Kwa kipimo cha mwaka jana walikuwa mita arobaini chini. Sasa walikuwa thelathini na moja, wameshatoka kwenye mwamba wa kijani, wako kwenye mkanda wa mawe meupe, ambayo ni magumu.

"Kwa mwendo huu, wanatoka baada ya miaka mitatu na nusu."

"Tutangoja. Nimeshangoja mingi kuliko hiyo."

Akaandika: *Mwamba imara. Mkanda mweupe, upana mita sita. Wanaume saba, wanachimba kuja juu.*

Jumatatu ripoti ilirudi na mhuri. Mstari wa wale saba ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mtu ameandika kwamba wanaume si madini. Kulipua ni Ijumaa, saa nne asubuhi.

Projestus alipomsomea, Wegesa alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha.

"Huyo naye kasikia," alisema. "Asiyesikia hakati."

Leo Alhamisi Wegesa amepanda na kugonga mfululizo bila kuhesabu, na kwa wachimbaji maana yake ni moja: tokeni, shimo linaanguka. Walio chini wamejibu, wakaongeza kasi. Kufikia jua kuzama Projestus alipima akakuta mita thelathini na nusu.

Baruti imeshashushwa. Ijumaa ni kesho. Na wewe sasa umeshasikia, usinidanganye, na sheria haijabadilika. Inuka. Chukua nyundo, huna nyundo, chukua mchi wa kinu. Panda Nyabikondo kabla ya saa nne, usimame pale kampuni ilipotoboa mawe kuweka baruti.

Umegongewa mara tatu. Jibu.