Maji ya Lenta

Mimi ni mgomvi, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mke wangu Ashura anasema hata usingizini nagombeza vibarua. Basi mtu wa namna yangu akikaa kusimulia habari ya kushukuru, ujue amebanwa kweli.

Naitwa Shaban, fundi mwashi, Mmatumbi wa kuzaliwa, makazi yangu Bungu, pale barabarani. Mwaka juzi kamati ya kijiji kimoja cha Maparoni ilinipa kazi ya kujenga wodi ya wazazi kwenye zahanati yao. Maparoni ni huko ndani ya delta, mto unapogawanyika kuingia baharini, kwa boti tu, mikoko kulia, mikoko kushoto. Simenti, nondo, kokoto, hata mchanga, vyote tulivivusha kutoka bara. Kabla ya wodi hiyo, mama akizidiwa na uchungu alipakiwa kwenye boti kwenda kutafuta hospitali, na wengine walijifungua njiani. Bi Mwanahalima, aliyekuwa akitupikia sisi mafundi, alimzaa mwanawe wa tatu ndani ya mtumbwi, na mtoto hakumaliza siku mbili. Alinieleza hayo siku ya kwanza huku anachambua mchele. Nikampa pole, kisha nikamwuliza chakula kitaiva saa ngapi. Ndivyo nilivyo.

Kuta zilipopita madirisha ikafika zamu ya lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima na kuzishika kuta zisiachane. Ukuta ukikosewa unabomoa tofali mbili tatu, unarudia. Lenta ikikosewa umekosea nyumba. Na mimi sikuwa na nafasi ya kukosea, maana boti iliyoleta simenti ilipigwa na mawimbi, mifuko ikaingia unyevu na kingo zake zikaanza kushika. Ikikaa siku mbili zaidi itakuwa mawe. Mifuko mingine ingechukua mwezi kufika, na mvua zilikuwa mlangoni.

Nikamwambia Badru, msaidizi wangu, ajaze tangi kwa pampu. Mpira wa pampu ulikuwa mfupi. Maji ya mto yakipwa, yanakwenda mbali na tope linakufika magotini. Yakijaa, yanakuja yenyewe mpaka karibu na msingi. Mtu wa Bungu atachota saa ngapi? Yakijaa, bila shaka. Kufika adhuhuri tangi limejaa pomoni, nikajipongeza kwa akili zangu.

Jioni Bi Mwanahalima akanifuata.

"Fundi, maji haya mmechota yamejaa. Bahari imo humu. Sie maji baridi twayafuata juu huko kwa mitumbwi, na twachota yakishapwa."

Nikachovya kidole tangini, nikalamba. Sikusikia kitu. Lakini mimi nina miaka thelathini naweka ugoro chini ya mdomo. Ulimi wangu hautofautishi asali na mafuta ya taa.

"Bi Mwanahalima," nikamwambia mbele ya vibarua wote, "wewe pika. Zege niachie mimi."

Wakacheka. Yeye akafunga khanga yake vizuri, akaenda zake.

Siku ya zege watu hula kwanza, tena washibe, maana ukishaanza kumimina hakuna kusimama. Saa nne asubuhi tukaketi kwenye mkeka, wali na kamba wa nazi mbele yetu. Badru akala tonge la kwanza, akafumba macho.

"Leo umepatia, mama," akasema. "Chumvi imekolea hasa."

Wengine wakaitikia. Hata mimi, mwenye ulimi wa gogo, nikasikia ladha, nikasema maneno ambayo sijazoea kuyasema: "Wali mzuri."

Bi Mwanahalima alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Nashukuru," akasema. "Chumvi sijatia. Nimepikia maji ya tangi lenu."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimewahi kuiona lenta iliyokorogwa kwa maji chumvi: nondo inaota kutu ndani kwa ndani, kutu inavimba, zege linapasuka na kumeguka vipande. Nikafikiria kipande cha namna hiyo kikimdondokea mama aliyelala na kichanga chake. Na jina lililoandikwa kwenye kazi ni langu.

Nikainuka, nikaenda kwenye tangi, nikafungua koki. Maji yote yakamwagika, wote wakitazama. Ikabaki simenti inayokufa, boksi za mbao za kumiminia zege zimefungwa, nondo zimesukwa, watu ishirini wameshiba, na hakuna tone la kukorogea. Mto ulikuwa unajaa. Mitumbwi ikipanda na maji yale, itangoja huko juu yapwe, ichote, irudi baada ya magharibi. Na mitumbwi ya kijiji kizima isingeleta kiasi cha kututosha kwa safari moja.

Nikakaa juu ya rundo la kokoto. Ugomvi wote ulinitoka. Bi Mwanahalima akaja, akasimama mbele yangu, mimi nikiwa sina uso wa kumtazama.

"Wataka ndoo ngapi?" akauliza.

"Arobaini. Arobaini na kitu."

Akamwita jirani yake Sihaba, wakanong'ona, wakaachana, mmoja huku na mwingine kule. Haikupita nusu saa nikawaona wanawake wanakuja, ndoo kichwani, mmoja, watatu, kisha foleni. Kila mmoja alipita mbele ya Bi Mwanahalima, naye akachovya kidole na kuonja kabla maji hayajaingia kwenye pipa la kukorogea. Ajuza mmoja alikuja na sufuria tu, imefunikwa sahani. Nilihesabu ndoo arobaini na tatu na ile sufuria.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Tukamimina. Sijawahi kuona zege linakwenda namna ile. Mabeleshi yalikuwa hayapumziki, makarai yanapanda ngazini yanashuka, na mimi siku nzima sikumtukana mtu hata mmoja. Badru alidhani naumwa. Alasiri tulipitisha ubao wa mwisho wa kusawazisha. Lenta ile mpaka leo haina ufa hata wa unywele, na watoto wanazaliwa chini yake, mmoja wao mjukuu wa Bi Mwanahalima. Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa shukrani ya kutosha.

Lakini niliposhuka ngazini koo langu lilikuwa limekauka kama mfuko mtupu wa simenti. Bi Mwanahalima alikuwa kivulini na watoto wake, nikamwendea, safari hii kwa adabu.

"Mama, naomba maji ya kunywa."

Akanitazama kidogo, kisha akacheka, cheko la uchovu.

"Ya kunywa si ndiyo hayo mmeyapandisha, fundi."

Sikuelewa mara moja. Nikatazama nyumba za jirani: mitungi imelazwa ubavu, ndoo zimefudikizwa uani, mafiga hayana moto. Akili yangu yote ya ufundi haikunituma kujiuliza zile ndoo arobaini na tatu zilitoka wapi. Mimi nilidhani wana akiba. Kumbe ndiyo maji ya nyumba, ya kunywa na kupikia. Wanaume wao walikuwa wameondoka na mitumbwi tangu adhuhuri kwenda kuchota mengine, na kijiji kizima kilishinda na kiu kikitusikiliza tunavyokoroga.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ungeyakataa," akasema. "Na sie twaitaka wodi."

Nikaketi chini hapo hapo mchangani, nikangoja pamoja nao. Hakuna aliyenilaumu. Mtoto wake mdogo alilia kiu, akabembelezwa, akanyamaza, na mimi kila aliponyamaza nilizidi kuumia.

Mitumbwi ilirudi baada ya magharibi. Bi Mwanahalima akaipokea ndoo ya kwanza, akaonja, akachota kata, akapita mbele ya wanawe na kuniletea mimi. Nilimwambia awape watoto kwanza. Akasema mgeni hanywi wa mwisho Maparoni. Nikanywa huku nalia, na wala sikuona haya.