Gari, Mwambie

Kikombe cha bati kiligongwa kwenye ubavu wa pikapu, nikakanyaga breki. Tulikuwa tumeshaipita Mlimba, jua la utosini, vumbi limetupaka wote rangi moja. Nyuma yangu, juu ya kitanda chake mwenyewe cha kamba, alilala mama mkwe wangu Serafina, paja limevunjika. Nilisubiri bila kugeuza shingo. Kisha nikaisikia sauti yake, kavu na ya adabu.

"Gari, mwambie anayekuendesha kwamba kamba ya upande wa miguuni imelegea."

Kwa asiyetujua, niseme. Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Nilikuwa nimemwoa Levina miaka saba, na katika miaka hiyo mama yake na mimi hatukuwahi kupeana mkono wala kula chini ya paa moja. Nikimwona njiani nilichepukia majanini apite. Naye alikuwa hodari wa kuchepuka kuliko mimi, kwa hiyo mara nyingine njia ilibaki tupu, yeye kichakani huku, mimi kichakani kule. Akiwa na neno kwangu alimpa Levina. Levina asipokuwepo, aliwapa kuku. "Ninyi kuku, mgeni wenu ameshiba?" Nami niliwajibu kuku kwamba nimeshiba, nashukuru. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Lakini heshima ya namna ile ina uzito wake, na mimi sikujua kama mwanamke yule ananipenda au ananivumilia tu.

Mwanzo wa kiangazi cha mwaka tisini na sita habari zikatufikia Ifakara kutoka Masagati: Serafina ameanguka kutoka kwenye dungu akilinda ndege shambani kwake. Mganga wa zahanati alikuwa amemfunga mguu kwa vijiti na kuagiza apelekwe hospitali ya misheni, ila asitikiswe. Mfupa ukihama, hatatembea tena. Maneno mepesi hayo, kwa mtu asiyeijua barabara yetu. Treni ingeweza kumchukua pale Mlimba, lakini hapo angeshushwa, apandishwe, ashushwe tena, na kila mkono ungemtikisa. Mimi na Levina tulimkumbuka jirani yetu Stanislaus, aliyeletwa mjini juu ya lori la magogo, akafika mfupa umetoboa ngozi. Mguu ule ulibaki hospitali.

Levina alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua, hakuweza kwenda. Alikaa chini kizingitini, akalia hadi kanga ikalowa.

"Baba Jeni," aliniambia alipopata sauti, "mama yangu ni mtu wa kusimama. Akilazwa maisha, atakufa. Niletee akiwa wa kusimama."

Pikapu yangu ilikuwa Toyota ya kubebea mpunga. Magunia hayana shida, yanakaliana yenyewe, unatupia kamba juu basi. Kitanda chenye mgonjwa ni jambo jingine: kwenye kila shimo kingeteleza kutoka ubavu hadi ubavu, na ndani ya bodi hapakuwa na kitu hata kimoja cha kukifungia. Nikaipeleka pikapu kwa Fridolin, fundi wa mtaa wa Mlabani, mtu wa mizaha aliyeokota kila chuma kilichokufa mjini. Alikuwa na pete nne nene alizozing'oa kwenye lori bovu. Nilitaka azichomelee ubavuni upesi, niondoke.

"Bati hili?" Fridolin alisema. "Ukilifungia mbuzi, mbuzi ataondoka nalo."

Akajilaza chini ya gari na kuanza kugonga kwa spana, akisikiliza mahali sakafu ilipokalia vyuma vya chesisi. Umeme haukuwepo siku hiyo, tukatoboa kwa keekee, tukipokezana, jasho linadondokea kwenye matundu. Chini ya kila bolti tuliweka kipande cha jembe kuukuu kisichopungua upana wa kiganja, ili nati isije ikalila bati na kuchomoka. Tulipomaliza tulizijaribu pete. Tuliziningʼinia, tukazivuta wawili wawili kama watoto wanaogombea muwa. Hazikutikisika. Hapo ndipo Fridolin alipouliza namfunga nani hasa.

Nilimwambia. Akaweka spana chini, akacheka hadi akajifuta macho. Alisema ameishi miaka mingi lakini hajapata kumwona mwanaume aliyepewa ruhusa ya kumfunga mama mkwe wake kamba. Kisha cheko likamwisha, akarudi chini ya gari na kuzikaza nati zote upya.

Kule Masagati majirani walimnyanyua Serafina pamoja na kitanda chake, mimi nimewapa mgongo. Kamba ya juu ya miguu yake waliifunga wao; mimi nilifunga za pembeni nikiwa nimesimama nje, macho yangu yakiangalia mikono yangu tu. Jirani yake Balbina alipanda naye, amtunze na atubebee maneno. Mpango mzuri, ila Balbina hakuwahi kupanda gari maishani mwake. Kabla ya Mlimba alikuwa ametapika hadi nyongo, nikamhamishia mbele, akalaza kichwa dirishani hoi. Ndiyo maana Serafina hakuwa na wa kumtuma isipokuwa gari lenyewe.

"Gari," nilijibu, "mwambie mama nakuja kuikaza."

Nilishuka, nikasimama karibu na tairi la nyuma. Kamba ile ilikatiza kitanda, juu ya magoti yake. Kuikaza kutoka nje kusingewezekana, nilikuwa nimejaribu kwa macho na kwa mkono. Ilibidi nipande, niiname juu yake. Nilimwita Balbina, akajibu kwa kuguna. Mbele yetu ilikuwa barabara ya kwenda Chita, yenye mashimo ya kumeza tairi, na nilijua kwamba nikiondoka hivi hivi nitamfikishia Levina mtu wa kulala. Bado mguu wangu ulikataa kupanda. Nilikuwa naogopa, tena sana, na sikumwogopa mgonjwa, niliogopa kumvunjia heshima mbele yake mwenyewe.

Kisha sauti ile ikasema, taratibu zaidi:

"Gari, mwambie nimejifunika."

Nilipanda. Alikuwa amevuta kanga hadi juu ya kichwa. Pete zilikuwa palepale tulipozifunga, kamba ndiyo iliyokuwa imevutika ikalegea. Niliifungua, nikaipitisha upya chini ya mbao za kitanda, nikavuta. Kitanda kikaruka kidogo. Hakupiga ukelele, lakini mkono wake ulitoka chini ya kanga ukitafuta kitu cha kushika, ukakuta kifundo cha mkono wangu.

Nilingoja uniachie. Haukuniachia. Ulikuwa mkono mgumu, uliokwaruzwa na ukindu wa mikeka kwa miaka yote ile. Nilipiga magoti pale juani, machozi yananitoka, nikaimalizia kamba kwa mkono mmoja na meno. Halafu nikauchukua mkono wake polepole, nikaupeleka kwenye pete ya upande wa kichwani, nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Gari," nilisema, "mwambie ashike hapa. Hii haitoki."

Aliishika hadi Ifakara. Wauguzi walimbembeleza kuiachia. Mfupa ulikuwa haujahama.

Alikaa wodini muda mrefu, mguu umening'inizwa mawe ya kuuvuta unyooke. Levina alijifungua hospitali hiyohiyo, mtoto wa kike, tukampa jina la bibi yake. Na bibi alirudi Masagati akitembea, kwanza kwa fimbo, baadaye fimbo akaifanya ya kufukuzia kuku.

Nasi tuliendelea kuchepukiana, kama inavyopaswa. Mwaka tisini na tisa niliuza pikapu, na ujumbe ukanifikia kupitia Levina: mama anauliza kama gari linaweza kumwachia pete moja. Nilimpelekea. Nikaifunga kwa bolti kwenye mwimo wa mlango wake, na kipande cha jembe kwa nyuma. Nikarudi uani na kusimama pale niliposimama miaka yote, nikisubiri chakula kiletwe nje.

Serafina alitoka, wima, kanga usoni. Akaipapasa pete, akaivuta kwa nguvu, akaridhika. Akarudi ndani, nami nikasikia sahani zikiwekwa mkekani. Zilikuwa mbili.

"Pete," alisema, "mwambie mwanangu wali unapoa."

Niliishika ile pete, nikainama, nikaingia.