Kifungu cha Saba

"Namba, mama! Nimekuambia ushughulikie namba. Maneno niachie mimi."

"Namba ndizo ninazokuambia, bosi." Mama Pacha aligeuza kioo cha kompyuta kimwelekee wakili. "Umekiondoa cha saba, cha nane kimepanda mahali pake. Lakini cha kumi na mbili bado kinasema fundi asiyefika kazini atafukuzwa, isipokuwa kama ilivyoelezwa katika kifungu cha saba. Sasa kisome hicho cha saba. Kinahusu aproni."

"Basi futa hiyo 'isipokuwa'."

"Akikatwa kidole na mashine, akalazwa, afukuzwe?"

Wakili alivua miwani akaifuta kwa tai. Chini, kwenye chumba cha wageni, mafundi cherehani wa kiwanda walikuwa wamebanana kwenye mabenchi wakisubiri kutia saini. Wiki iliyopita walikuwa wamesomewa rasimu, cha saba kikiwemo: anayeumizwa na mashine atatibiwa na kiwanda, na nafasi yake itamsubiri. Walikipigia makofi. Jana mwenye kiwanda alipiga simu.

"Kifungu kikiondolewa baada ya watu kukisoma," Mama Pacha alisema, "namba inabaki, mbele yake tunaandika 'Kimefutwa'. Ulinifundisha wewe."

"Hiyo ni kwa makampuni. Kule kila upande una wakili wake."

"Na hawa?"

"Hawa wana haraka. Ziba pengo, panga namba, chapa. Mwenye nguvu mpishe, mama. Una watoto."

"Nimempisha mpaka nimefika ukutani."

Simu ya wakili iliita. Alipoona ni nani, akasimama, akaitikia "Ndiyo, mzee" mara mbili huku akielekea ofisi ya ndani, akafunga mlango.

Mama Pacha alibaki na kazi yake. Dakika moja ingetosha kuzipanga zile namba mstari mnyoofu kama meno ya bandia, na hakuna ambaye angejua. Pacha wangekwenda shule kesho kama kawaida.

Wifi yake, mmoja wa wale mafundi, alichungulia kutoka kwenye ngazi. "Wifi, mnaandika mkataba au mnatunga katiba? Makalio yamekufa ganzi huko chini."

Kucha ya kidole chake cha shahada ilikuwa nyeusi. Sindano ya cherehani iliwahi kupita hapo ikatokea upande wa pili, akafunga kitambaa, akaendelea kushona mpaka kengele ya jioni, maana aliyekwenda zahanati kabla yake alikuta mtu mwingine kwenye kiti chake.

"Shuka," Mama Pacha alisema. "Naleta."

Aliirudisha aproni kwenye cha nane. Kwenye cha saba aliandika neno moja: *Kimefutwa*. Akachapa nakala zote, akazishusha mwenyewe, akagawa benchi kwa benchi.

"Kimefutwa?" Wifi alipaza sauti. "Nani kakifuta?"

"Mama Pacha!" Wakili alikuwa juu ya ngazi, simu bado mkononi. "Rudi huku!"

"Mwenye kiwanda," Mama Pacha aliwajibu mafundi bila kugeuka. "Ndicho kile cha matibabu. Na cha kumi na mbili sasa kinawafukuza."

"Usiporudi sasa hivi, usipande tena ngazi hii!"

"Mkoba wangu nitupie."

Mtu mmoja alicheka. Wifi alifunika kalamu, akauweka mkataba kwenye benchi na kuukalia. Aliye kando yake akafanya vivyo hivyo, kisha benchi zima.

Msimamizi wa kiwanda, aliyewaleta mafundi, hakugombana na mtu. Alifungua mlango wa nje, akawapungia wanawake waliokuwa wamesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi wakitafuta kazi. Wa kwanza aliingia mbio, amebeba mtoto mgongoni.

"Dada, nasaini wapi?"

Mama Pacha alimpa nakala, akaweka kidole kwenye cha saba. "Soma hapa kwanza."

Yule mwanamke alitazama mabenchi, akautazama mlango aliouacha wazi na wenzake waliokuwa wakivuka barabara kumfuata. Akainama, akasaini pale pale kidole kilipokuwa, juu ya neno lenyewe.